Tepe Nyeusi za Ofisi Yenu

Nyumbani kwa Shangazi,
Chumba cha mbele.
14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini baridi ya huko haijakurudishia kile kifua. Sisi wazima wa mwili. Shangazi anakula akilazimishwa, na kiti cha mwanawe hataki mtu akikalie.

Barua yako imefika pamoja na tamko la shirika lenu. Mnasema mnasimama na jamii zinazoomboleza ukatili wa ubaguzi wa rangi na dhuluma za kihistoria. Maneno yamepigwa pasi. Lakini binamu yetu Kinyozi, mwana wa Shangazi, aliyepigwa hadi kufa mlangoni pa kibanda chake cha kunyolea kwa sababu ya rangi yake, hamkumtaja. Wala hamkusema kwamba jengo lenu limekaa juu ya mtaa alikofukuzwa babu.

Sasa unataka Jumamosi, kwenye hafla yenu ya maombolezo, nipande jukwaani niwashukuru kwa niaba ya familia. Sikiliza jambo ambalo hukuniuliza.

Nimelisoma tena kwenye shajara yangu, tarehe 3, siku ya mazishi. Asubuhi chumba chetu cha ushonaji kilipata agizo la haraka kutoka kwenu: tepe nyeusi za msiba za wafanyakazi wenu wote, zitoke jioni ile ile. Nikaomba ruhusa. Msimamizi akasema, "Dada, tepe zenyewe ni za ndugu yako. Shona kwa moyo."

"Basi niache nikamzike."

"Ruhusa huombwa mapema."

Nikamwambia waliomuua nao hawakututaarifu mapema. Wenzangu wakaguna, wakainamia cherehani. Nami nikainama, maana chakula cha Shangazi sasa kinatoka mkononi mwangu. Kinyozi akafukiwa huku nakunja tepe zenu.

Msiba haubandikwi kifuani kwa pini. Jukwaani sipandi, na Shangazi hapandi. Mkileta gari, litarudi tupu.

Humu kuna utepe mmoja niliobaki nao. Mpe mkubwa wako, umwambie umeshonwa na mfiwa. Saa ya hotuba zenu nitakuwa kaburini, kwa mara yangu ya kwanza. Ukija huko, njoo kama ndugu, kifua bila utepe. Ukienda jukwaani, usipite hapa nyumbani.

Msalimie mkeo na watoto. Shangazi hakutumi salamu. Anauliza tu kama unakumbuka nani alikunyoa asubuhi ya harusi yako.

Mungu akulinde njiani, maana rangi yako ni ile ile ya Kinyozi.

Dada yako, akupendaye hata leo.