Barua Mbili Zilizofika Nyumba Moja

Majengo, Thika
14 Novemba 1999

Mpendwa kaka Mahir,

Assalaam aleikum. Hujambo huko Leicester? Nasikia baridi imeshaanza kuuma, natumaini kifua chako kimetulia. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mvua imetujaza matope hadi mlangoni. Shangazi, mama yako, amepona mguu kabisa. Anakwenda sokoni na kurudi, na kila muuza nyanya anagombezwa kwa zamu yake.

Nakuandikia kwa kalamu makusudi. Ningekutumia barua pepe ungesema ni jaribio lingine.

Barua yako nimeipata. Unataka nifunge biashara na kuondoa kompyuta chumba cha mbele kabla ya Ramadhani, kwa kuwa nyumba ni yako tangu baba yako afariki, na hutaki itajwe kwenye utapeli. Utapeli! Neno hilo nililisoma nimesimama, nikakaa, nikalisoma tena. Nimekasirika, kaka, na sitajifanya sijakasirika.

Kosa langu ni kwamba wewe na Nzomo mnaishi nyumba moja, mkafungua barua pepe zangu siku moja na kukuta si sawa. Yako ilikuwa na kichwa "Bei za vifurushi vya sikukuu". Ya Nzomo ilisema "Salamu kutoka Murera", na chini yake maneno ya mamake, Mbula, kwamba ng'ombe amezaa ndama jike. Basi ukaamua mimi ni mtu wa ndimi mbili.

Hebu sikiliza. Bei zilikuwa zilezile, unga uleule, tende zilezile, mbuzi walewale. Kilichotofautiana ni kichwa cha barua na mistari ya kwanza tu.

Mwaka mzima nimewaandikia watu wetu walio ng'ambo, walipie vitu tuwapelekee wazazi wao huku, na mwaka mzima wengi wamenyamaza. Ndunge, mwenzangu wa kazi, alitaka tushushe bei. Mimi nikamwambia hatujui hata kama tatizo ni bei. Unakumbuka nilivyouza mahamri Eneo la Viwanda? Lango moja nilikuwa naita "mahamri moto!", lango la pili "mahamri ya nazi!", kesho yake nabadilisha, na kapu ndilo lililoniambia watu wanapenda kusikia nini. Mahamri yalikuwa yaleyale. Hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyeniita tapeli.

Nikafanya vivyo hivyo. Tuliandika majina ya wateja kwenye vikaratasi, tukayatia kwenye sufuria, Ndunge akafumba macho akachota nusu. Hao wapate salamu za nyumbani, waliobaki wapate bei, barua zote zitoke saa ileile. Tulizunguka Murera na Witeithie mpaka Ruiru tukikusanya maneno ya wazazi, na hatukutunga hata neno moja.

Jina lako lilibaki kwenye sufuria. Ndunge akataka kulihamisha kimyakimya. "Aai, si huyu ni wa hapa kwetu? Mamake si ndiye huyo jikoni? Muweke tu kwa salamu." Nikakataa. Nikianza kuwachagua ninaowapenda, sitakuwa nimejaribu chochote, nitakuwa nimejidanganya. Mama yako aliponiuliza nilimweleza, akaninunia, nikamwacha anune. Hata leo ningekataa.

Walioletewa bei walijibu wanne. Walioletewa salamu, kumi na saba, na hatukushusha hata shilingi. Nilipiga kigelegele peke yangu pale chumbani, Rama wa jirani akaja mbio akidhani kuna harusi. Kwa mara ya kwanza najua ninachokifanya, na ndipo unaponiambia nifunge.

Umeandika kwamba inauma kujaribiwa kama panya. Nadhani jaribio halikukuuma. Kilichokuuma ni kumwona Nzomo anacheka mezani na habari za mamake, huku wewe umeshika bei ya tende. Kwa hilo sikulaumu. Hata mimi ningeona wivu.

Ila kuna jambo ulilolisema nusu. Ijumaa iliyofuata tulituma salamu kwa wote waliozikosa, na wewe ukiwemo. Mama yako alisimama nyuma yangu nikiandika, aone kama naongeza chumvi. "Mwambie mguu imepona. Asitume kitu. Apige tu simu, hata kidogo." Ulizipata, maana umezitaja kwenye barua yako kuwa ni ushahidi kwamba ninabadilisha maneno. Hukupiga. Ulikaa ukaandika kurasa tatu za kunifukuza mimi.

Jibu langu ni hili: sifungi. Chumba chako nimekihama na kukifagia, ufunguo anao Rama. Nilikuwa nishatafuta kibanda Witeithie, lakini mama yako aliniomba nimsomee barua yako, nikamsomea yote. Akaenda kuondoa vyombo kwenye meza yake ya chakula. "Chumba ya mbele ni yake, afunge akitaka. Huku ndani ni kwangu. Lete hiyo kompyuta."

Kwa hiyo tuko sebuleni kwake, na waya wa simu umepita juu ya mlango. Vifurushi vya Ramadhani na Krismasi vinatoka Jumatatu.

Nisalimie Nzomo, mwambie ndama anaendelea vizuri. Ndunge anakusalimu, Rama pia, ingawa anasema umekosea. Mungu akulinde na baridi, akuzidishie riziki, na akulainishe moyo. Salamu za mama yako hazimo humu. Nilimwuliza, akasema anazo, na simu iko hapo mezani.

Mimi dada yako, ninayekupenda na nisiyekuogopa,
Firdaus