Tairi la Kushoto na Mtani Wangu Badru

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Tairi la nyuma la kushoto limelala tena. Nililijaza jana baada ya misa, kwa pampu ya mguu, mpaka goti likalalamika. Asubuhi hii limebonyea kama mto wa usufi uliochoka. Msumari sikuuona. Mke wangu Bertha ameshauri niende kwa fundi. Nimemjibu kwamba kabla ya fundi kuna mtuhumiwa.

Mtuhumiwa ni Badru, jirani yetu hapa Sahare. Yeye ni Mzigua wa Mkwaja. Mimi ni Mnyamwezi, baba yangu aliletwa huku kukata mkonge. Basi ni watani, naye ana haki ya kunifanyia lolote nisinune. Mwezi uliopita, kwenye harusi ya mwanawe, nilibeba sinia zima la pilau ya wazee nikalipeleka kwangu. Alicheka, lakini aliahidi kulipa. Sasa analipa kwa kunitolea upepo!

Ningecheka nami, ila Anjela anakuja Jumamosi. Binti yetu huyu ameamua, akiwa hukohuko Moshi, kwamba baba mwenye miaka sabini na tisa aache usukani. Akikuta gari limeinama upande mmoja, ataondoka na funguo. Ameshasema hivyo kwa simu, na si mtu wa kutishia bure.

Jumanne, 5 Agosti 2025

Jana jioni nililijaza, kisha nikamwaga majivu kulizunguka. Leo — hakuna unyayo, isipokuwa wa kuku. Tairi chini. Badru ni mwembamba, lakini si kuku.

Hata hivyo nimeikamata baiskeli yake iliyoegemea ukuta, nikaifungia stoo. Nimemtaka aungame kwanza. Amesema hana la kuungama, na kwamba Wanyamwezi tangu zamani hubeba mizigo isiyokuwa yao. Jibu zuri. Sikumwonyesha kwamba nimelipenda.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Badru aliondoka jana alfajiri kwenda kwa dada yake Mkwaja. Kwa basi, kwa kuwa baiskeli iko kizuizini. Jana mchana nilijaza upepo. Leo tairi limelala vilevile! Mtu aliye Mkwaja hafungui valvu Sahare. Imenibidi nikubali.

Nikakoroga sabuni ya unga kwenye bakuli. Nikajaza upepo, nikapaka povu kwenye valvu. Kimya. Nikapaka kwenye kashata za tairi, yaani vile vipande vinavyokanyaga barabara. Kimya. Nikapaka pembeni, pale mpira unapokutana na chuma cha rimu — na hapo povu likaanza kuvimba, vipovu vidogo vidogo, kama uji unaotaka kuchemka. Nikamwita Bertha aje kuona. Akatazama kwa makini, kisha akauliza ni lini nitamrudishia mwenzangu baiskeli yake.

Fundi Ernesti, wa barabara ya Pongwe, amelivua tairi mbele yangu. Kutu! Upepo wa chumvi umeitafuna rimu, na mpira haukuwa na mahali pa kushikilia. Akasugua kwa brashi ya waya, akamalizia kwa msasa, akapaka gundi ya kuzibia, akalirudisha. Tukalizamisha kwenye pipa la maji: hakuna hata kipovu. Anasema “marimu” badala ya “rimu”. Leo sikumsahihisha.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Tairi gumu kama jiwe. Badru amerudi. Nimempelekea baiskeli, nimeifuta vumbi, nimemweleza habari ya kutu. Ameipokea bila kunitukana. Badru asiyetukana ananitia hofu.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Anjela amefika saa nne. Alilipiga tairi teke kabla hajamaliza kuniamkia. Kisha akataka nimpeleke Pongwe na kumrudisha. Nikaendesha. Alikaa kando yangu, mkono mmoja umeshika dashibodi kana kwamba itaanguka. Bodaboda mmoja alitukatia mbele ghafla. Nilikanyaga breki, gari likasimama pale lilipotakiwa kusimama.

Mlangoni tulishuka. Akakinga kiganja nimpe funguo.

“Breki umeikanyaga vizuri, Baba. Je, siku utakayochelewa?”

Sikuziweka kiganjani, wala sikuzirudisha mfukoni. Nikaziweka juu ya boneti, kati yetu.

Badru alikuwa amesimama kwenye ua wake, anasikiliza bila aibu. Akaja, akaziokota, akazifunga kwenye pindo la msuli.

“Baiskeli yangu imelala jela siku tatu bila kosa. Hizi nazo zitalala. Mnyamwezi anayezitaka alete jogoo.”

Anjela alianza kumweleza, kwa adabu, kwamba haya ni mambo ya nyumbani. Badru akamjibu kwamba mtoto wa Mnyamwezi ni Mnyamwezi, na asimnunie. Binti yangu akacheka, mara ya kwanza tangu afike.

Sasa ni saa kumi. Funguo hanazo baba wala hanazo binti. Bertha amemkamata jogoo mwekundu na kumfunga miguu. Hakuuliza anatolewa kwa niaba ya nani. Anjela yuko kizingitini, anavaa viatu. Amesema twende sote wawili, asitangulie mtu. Nimekubali, kwa sharti kwamba jogoo nitambeba mimi. Ameitazama mikono yangu kana kwamba imeshika usukani. Bado anaitazama —