Picha Iliyochukua Siku Tatu Kushuka

Alhamisi. Thika ina ile baridi ya Julai ya kuingia mpaka kwa mifupa, manyunyu tangu asubuhi, na mimi nimejichukia.

Nyinyi mnaonisoma hapa mnanijua kama mtu wa majigambo na vichekesho. Leo sina. Leo nikijitazama kwa kioo cha bafu nageuza uso.

Asubuhi binti yangu Muthoni, anayekaa Membley kule Ruiru, alinitumia picha kwa simu. Sasa, kwa simu yangu picha huingia kama nzi kwa bucha: maombi, mizaha, matangazo ya mazishi, watu nisiowajua wakila nyama. Sikuifungua. Niliona tu kitu kidogo kimefungwa blanketi, nikabonyeza stika ya mbuzi anayecheza dansi, nikaendelea na chai.

Saa kumi jioni ndio nikasoma maneno yaliyokuwa chini yake. "Baba, mtoto amekuja mapema, miezi saba. Wamemweka kwa kisanduku cha joto. Tuombee."

Mbuzi anayecheza dansi.

Tena si mtoto tu hivi hivi. Ni mvulana wake wa pili, na kwetu Wakikuyu mvulana wa pili huitwa jina la babake mama. Huyo aliyelazwa ndani ya vioo na mpira puani ni Njoroge. Ni mimi.

Tangu hapo nimekaa nikikumbuka wakati picha moja ilikuwa kazi ya siku tatu.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, mimi niliyeachia shule darasa la saba nilikuwa na ofisi ya intaneti hapa Thika. Mainjinia wa viwandani walikuwa wakinisubiri kwa ngazi. Nilikuwa nimefika Kampala mara mbili na Dar mara moja, kwa hivyo niliwaeleza wateja vile dunia imeunganishwa, na waliamini. Ukweli ni kwamba nilikuwa na kompyuta moja, modemu moja, na laini ya simu isiyo yangu. Laini ilikuwa ya Ramesh, muuza vitambaa wa orofa ya chini, tukavuta waya kupitia dari yake. Ramesh akiinua simu, intaneti yangu inakufa. Kwa hivyo tulikubaliana: kabla ya kuinua, agonge dari mara tatu na mpini wa ufagio, nimalize nilichokuwa nikifanya.

Mashine ikianza kuunganisha ililia kama paka wawili ndani ya gunia, halafu ikakoroma, halafu ikanyamaza. Watu walikuwa wananyamaza pia, kama wako kanisani.

Ndio akaja Shosho Nyambura, bibi kizee, viatu vimejaa vumbi la njia ndefu ya kijiji cha Gatuanyaga. Mwanawe aliyeko Kanada alikuwa amepata msichana wa kwanza, na msichana wa kwanza huitwa jina la mamake baba.

"Nimeambiwa kuna Nyambura mwingine huko," akaniambia. "Nimekuja kumwona."

Jicho lake moja lilikuwa limeshafunikwa na ukungu, na la pili lilikuwa njiani. Alitaka kumwona mtoto, kwa picha ambayo mwanawe alikuwa ametuma kwa barua pepe ya ofisi yangu, kabla hilo la pili halijafunga.

Picha siku hizo ilishuka kama pazia, mstari kwa mstari kutoka juu, na laini ikikatika unaanza upya. Siku ya kwanza tulipata nywele. Halafu chini: ko, ko, ko, na sauti ya Ramesh kwa ngazi.

"Njoroge, bado tu? Hiyo ni picha ama ni ukuta unajenga?"

Ilibidi tumwachie simu.

Siku ya pili tukafika kwa paji la uso. Shosho alisogea mpaka pumzi yake ikatanda kwa kompyuta. "Hilo paji ni langu," akasema. Kabla ya macho kutokea, karani wa Ramesh akainua simu bila kugonga. Nilitukana kwa lugha zote tatu ninazojua nusu. Shosho yeye alijifunga leso akasema, "Mtoto hukaa tumboni miezi tisa. Nitarudi kesho." Kutoka Gatuanyaga, na jicho lile.

Siku ya tatu nilishuka kwa Ramesh kumweleza habari ya macho ya mama huyu. Alivuta kiti mbele ya simu, akakalia, akakunja mikono. Mteja akaomba apige mara moja tu, nikasikia Ramesh akimwambia, "Simu iko na mtoto."

Ikashuka. Nywele, paji, nyusi, macho yote mawili, pua, mdomo uliokasirika. Shosho alifuata kila mstari kwa kidole mpaka kidevu kikafika.

"Habari yako, Nyambura," akasema. Akangoja, kama mtu anayepewa jibu.

Halafu akatema mate kidogo kifuani mwake, na kidogo kwa picha, vile wazee wetu hubariki. Yakateleza kwa shavu la mtoto. Na mimi, msafiri wa Kampala, nikanyakua kitambaa nikapangusa mbio. "Shosho, bana, hii ni mashine."

Aliangalia kitambaa, akaniangalia mimi. "Macho mawili mazima," akasema, "na hayana kazi."

Foleni yote ilicheka. Nimeisimulia hiyo hadithi kwa baa miaka na miaka, nikimwigiza mpaka na vile alivyotema mate. Leo siwezi kuimaliza.

Msiniambie ati zamani ilikuwa tamu. Ilikuwa takataka. Kelele za ile modemu zilinipa maumivu ya kichwa kila Jumamosi, na sirudi huko hata kwa kubembelezwa. Lakini haikukupa njia ya kuangalia kando. Hii simu ya leo inanimwagia kila kitu, na mimi nameza bila kutafuna kama mbwa wa jalalani.

Nimechukua bahasha nikaifunika ile picha aliyotuma Muthoni, nikaishusha polepole. Kofia ya manjano iliyomzidi. Plasta shavuni imeshika mpira. Ngumi moja, ukubwa wa kokwa la makadamia, imeinuliwa kama anadai kitu.

Nikapiga simu.

"Muthoni. Ile asubuhi sikuwa nimeangalia."

Nilisikia mashine za hospitali zikilia nyuma yake.

"Nilijua," akasema. "Nilimwambia bwanangu, huyo hajaangalia. Lakini mbuzi, Baba?"

"Mbuzi."

Kitu kilimtoka, sikujua ni kilio ama ni kicheko, na sikuwa na haki ya kuuliza. Nikauliza kama mtoto anapumua vizuri. Daktari amesema siku mbili hizi ndizo za kuogopa.

"Kuona wagonjwa ni saa sita," akasema. "Lakini hutaruhusiwa kumgusa. Ni kumwangalia tu."

Kumwangalia tu. Sijui kama naiweza hiyo kazi.

Kesho saa nne, masaa mawili kabla ya wakati, nitakuwa kwa geti la hospitali.