Mhimili Uliopinda

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, ila moyo haujatulia. Natumaini mgongo umekuachia kidogo, na Mama kikohozi kimemwonea huruma. Mjukuu wako Kibonge ameota meno mawili ya chini. Siku hizi akiniona nimevaa ovaroli anaangua kilio, anajua ndiyo naondoka. Baba yake hajambo, anakusalimu sana.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu nimepiga, Baba, lakini nikisikia sauti yako naishia kuuliza habari za kuku. Kwenye karatasi huwezi kunitania nikasahau nilichotaka kusema.

Kwanza habari za karakana, maana najua ndizo unazozitaka. Unakumbuka siku uliyokuja kuona behewa letu jipya la mizigo? Uligonga ubavu wake kwa kidole ukasema hili si behewa, ni sinia la chai, na yule fundi mwenzangu tunayemwita Cheche akacheka mpaka akakaa chini. Injinia hakununa. Alikueleza kwamba chuma hiki kipya kina nguvu kuliko kile mlichotumia nyinyi, kwa hiyo bamba jembamba linabeba mzigo wa lile nene bila kuchoka haraka, na kila kilo inayopungua kwenye mwili wa behewa inakuwa nafasi ya kilo ya mzigo. Ukasema kumbe miaka yote ile vichwa vya treni vilikuwa vinahangaika kuvuta chuma chenu tu. Nilitembea kifua mbele siku ile. Kila mtu alijua mimi ni binti wa nani.

Wiki iliyofuata behewa likajaribiwa. Lilipakiwa matofali ya zege, na kabla halijajaa, mhimili wa chini ukapinda kama mtu aliyeshikwa na kichomi. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini wakubwa walishuka na viatu vyao vinavyong'aa, wakaanza kusema turudi kwenye chuma kinene tuachane na mambo ya sinia. Injinia akalala chini ya behewa na tochi, akakwangua rangi, akatoka akisema mahali pale pamenyooshwa kwa moto. Akatueleza kwamba chuma hiki nguvu yake kimetoka nayo kiwandani, kimepashwa na kupozwa kwa kipimo. Ukikichoma tena mpaka kiwe chekundu, umeitoa nguvu yote, kinabaki sura tu. Akauliza ni nani.

Cheche, sijui kwa utani au kwa roho mbaya, akasema labda ni yule mzee wa sinia, maana mafundi wa zamani hawawezi kuona chuma kimepinda mikono ikatulia. Watu wakacheka. Msimamizi hakucheka. Alikumbuka kwamba ulisimama karibu na mhimili ule, na mtungi wa gesi ulikuwa palepale.

Ndiyo maana, Baba, ulipokuja na kile kifurushi cha nguo za Kibonge, mlinzi alikuzuia getini. Uliniambia kwenye simu kwamba si kitu, utaratibu ni utaratibu. Mimi nikakujibu ndiyo, siku hizi wamekaza.

Haukuwa utaratibu. Ni wewe peke yako uliyekatazwa, kwenye karakana uliyoingia ukiwa kijana. Na moto ule niliuwasha mimi.

Ilikuwa asubuhi ya siku uliyokuja. Mhimili ulivutwa na joto la kuchomelea, ukainuka kidogo pembeni. Niliona aibu uje ukute kazi yangu imekaa upande. Nikafanya kama ulivyonifundisha kwenye chuma cha zamani: nikaupasha ukawa mwekundu, nikaumwagia maji, ukarudi mahali pake kama mtoto mtiifu. Nikapaka rangi. Ulipoupitishia kiganja ukasema umenyooka, nilitaka kulia kwa furaha.

Siku za nyuma, Injinia alipowafundisha wenzangu habari za moto kwenye chuma hiki, mimi nilikuwa nje nyuma ya stoo, dada wa jirani ameniletea Kibonge nimnyonyeshe. Niliporudi ubao ulikuwa umeshafutwa. Sikuuliza. Niliogopa wangesema huyu darasa lenyewe hana, na hilo dogo alilopewa limempita akinyonyesha. Kisha walipokutaja wewe, mdomo ukawa mzito. Nilijidanganya kwamba Baba ni mstaafu, hana kazi ya kufukuzwa. Nikakuacha ufukuzwe getini.

Leo nimekwenda kwa Injinia nikasema yote. Akaniuliza kwa nini sikuuliza siku ile. Wakati wa chai nikasimama mbele ya wote nikarudia. Cheche aliinamia kikombe chake. Injinia anasema mafunzo yatarudiwa na mhimili mwingine utaundwa. Kama nitakuwepo kuuchomelea, wakubwa ndio wataamua. Nimeomba jambo moja tu, mlinzi aambiwe haikuwa wewe. Ameambiwa nikiwepo.

Geti sasa liko wazi kwako. Mimi sina uso wa kukualika. Ukija, uje kwa ajili ya behewa, kwa sababu litasimama, Baba, naliamini. Ukinikuta chini yake na moyo wako haujataka, nipite bila kunisalimia, sitalalamika. Lakini nitakuwa nasikiliza nyayo zako.

Msalimie Mama, na umsomee barua hii yote, usimfiche hata mstari. Mungu awaweke.

Ni mimi binti yako asiyejua aiweke wapi sura yake,
Mama Kibonge