Kilio cha Bibiche

Jumatatu, 3 Machi
Tumeogesha wazee wote kabla ya uji. Mashuka hayajakauka, mvua haikatiki. Wiki iliyopita tulimuaga Ritha, muuguzi. Mambo yale yale: michango, kitenge, keki, wazee kuimba. Kabla ya Ritha tulimuaga Clarisse. Kabla ya Clarisse sikumbuki. Wote wamekwenda kwenye zahanati za migodi.

Leo Sista Mkubwa, anayeongoza nyumba yetu ya wazee, ametukusanya. Amesema sisi ndio tunaofanya kuondoka kuwe kutamu. Anayekwenda anachezewa ngoma, anayebaki anaosha sahani. Kwa hiyo kuanzia leo hakuna kuaga. Mwenye kwenda aende kimya, wala wazee wasiambiwe. Hivyo watu watatulia kazini. Mimi ndiye muuguzi mkuu, wazee huniita Mama Chef; nimeitikia kwa kichwa. Sikuwa na hasira. Sikuwa na chochote.

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu, Kwaresima imeanza. Bibiche, muuguzi mwenzetu, ameniambia naye anakwenda. Zahanati ya mgodi, upande wa Kinsevere. Gari la kazi litamchukua nyumbani na kumrudisha. Alikuwa anakamua matambara, hakunitazama.

Nilitaka kumwomba abaki. Nimwambie nini? Hapa anafanya asubuhi, anaitwa tena jioni, Jumapili haoni misa wala watoto wake. Nimekwenda kwa Sista kuomba apewe zamu moja inayojulikana. Amesema tungoje Pasaka. Pasaka haiogeshi mtu.

Shida ni Mama Kalenga. Aliletwa kutoka Mitwaba, macho yamekwisha, na anakula kwa mkono wa Bibiche tu. Sisi wengine tukileta kijiko anafunga kinywa. Bibiche akienda, sijui bibi huyu ataishi vipi.

Ijumaa, 7 Machi
Bibiche ametoka kwa mlango wa jikoni. Alimlisha Mama Kalenga, akamfuta mdomo, akaenda. Nilisimama karibu kuhakikisha hasemi neno. Hiyo nayo ni kazi yangu sasa.

Jumamosi, 8 Machi
Sikukuu ya wanawake. Tumewafunga mabibi vitambaa vipya kichwani, wamependeza. Mama Kalenga ameuliza Bibiche yuko wapi. Nimemwambia ale kwanza. Hakula. Akavua kitambaa. Nikadhani ni joto.

Jumatatu, 10 Machi
Mabibi wote wa chumba kikubwa wamevua vitambaa. Hawataki viti, wamekaa chini kwenye mikeka. Bukari, ugali wetu, wanaonja na kurudisha sahani. Mama Kalenga hata kuonja hataki.

Sista Mkubwa amefurahi. Anasema ni Kwaresima, wazee wanafunga, na sisi wenye nguvu tuone aibu. Nimeamini. Nimechoka, ningeamini lolote.

Jumanne, 11 Machi
Si Kwaresima.

Papa Ilunga, aliyekuwa fundi wa reli, amenishika mkono ukumbini. "Mama Chef, tunajua Bibiche alikufaka. Juu ya nini munatuficha? Banamuzika siku gani?"

Nimekaa chini, hapo hapo kwenye mkeka wao. Tumewafundisha wenyewe. Mzee akifariki hapa, hatuwaambii wenzake mpaka familia ije. Tunazungukazunguka, tunawaambia wale chakula kwanza, tunafunga mlango taratibu. Wanajua kimya chetu kina maana gani. Bibiche ametoweka na mimi nikanyamaza vile vile. Basi wamemkalia kilio.

Nimewaambia yuko hai, yuko kazini. Hawaniamini hata mmoja. Wanasema Bibiche alilelewa vizuri, hawezi kuhama bila kuaga. Mtu mwingine angecheka. Nimerudi kukunja mashuka.

Alhamisi, 13 Machi
Mama Kalenga anakunywa maji tu, tena kidogo. Daktari amemtundikia dripu. Amesema dripu peke yake haitoshi, asipokula tutampoteza.

Nimempigia Bibiche simu. Amelia sana. Nilimsikiliza kama redio ya jirani. Atakuja Jumapili, siku yake ya kupumzika. Sista nimemwarifu, sikumwomba ruhusa. Ametazama dirishani, akasema sawa.

Jumapili, 16 Machi
Bibiche amekuja. Amenenepa kidogo, au amelala tu.

Mama Kalenga amempapasa uso, masikio, vidole kimoja kimoja. Halafu akamchapa kofi la bega, kwa mkono ule ule wenye dripu. "Ni vile bantu banaendaka? Tulikulilia weye! Sasa aga bantu."

Ameaga. Kitanda kwa kitanda, kila mmoja kwa jina, anakwenda wapi na kwa nini. Amesema wazi amechoka, amesema ana watoto. Hakuna aliyemlaumu. Mabibi wamempaka unga mikononi kumbariki, wakaimba, Papa Ilunga akacheza akiwa ameketi. Mama Kalenga amemaliza bakuli zima la uji kwa mkono wa Bibiche. Wengine wote walikuwa wanashangilia. Mimi nilikuwa nafikiria kesho asubuhi.

Nimemsindikiza mpaka getini. Ameniambia kule wanatafuta muuguzi mkuu, na amewatajia jina langu. Nimetaka kwenda. Nimeshangaa jinsi nilivyotaka. Ni siku nyingi sijataka kitu.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua imekatika. Sista Mkubwa amesema kuaga kunaruhusiwa tena. Kuhusu zamu bado hajasema, nitamuuliza tena leo, na kesho.

Nimekaa kitandani kwa Mama Kalenga na bakuli la uji. Nimepeleka kijiko. Amefunga kinywa. Nimengoja. Nje walikuwa wananiita, sikuitika.

"Na weye," akasema, "utaenda siku gani?"

Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza. Nimemwambia sijui. Nimemwambia siku nikienda, nitakuja kitandani hapa kumuaga. Akapapasa mkono wangu wenye kijiko.

"Kesho utakuya?"

Nimesema nitakuja. Akafungua kinywa.