Nyungu Niliyoiosha

Lubumbashi, 11 Januari 2024

Yaya Kapenda, dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto. Hujambo wewe? Kuku je, na lile goti lako linalotabiri mvua? Sisi tupo, ila mama hayuko vizuri. Nimekupigia, simu yako imezimwa kama kawaida. Na ukiipokea tunagombana kabla salamu hazijaisha. Bora karatasi, haiwezi kunikata maneno.

Tangu tumtoe Kamina kuja kutibiwa huku amepungua sana. Daktari haandiki tena dawa mpya, anasema tumpe anachotaka. Uji hataki, soda hataki. Jana alifungua macho akaniambia: "Andikia yaya yako. Miye nataka munkoyo ya mu nyungu yangu. Kapenda aipike, akuye nayo."

Nikamnunulia wa hapa, umejaa sukari. Alionja akatema. Anataka ule wa kwetu, mkali wa kufinya taya. Njoo nao, yaya. Ninaogopa.

Mdogo wako,
Abigaïl

Kamina, 24 Januari 2024

Mdogo wangu Abigaïl,

Goti lipo na mvua ipo, tunamshukuru Mungu. Wanao hawajambo? Barua yako Lumbala wa reli aliniletea imelowa, nikaianika juu ya mkaa ndipo nikasoma.

Nimempa Lumbala bidoni ya lita tano. Nimemwonya asikaze kifuniko, maana munkoyo bado unachemka wenyewe na ukifungiwa utapasua. Mwambie mama umepikwa kama alivyonifundisha: uji wa mahindi, upoe, mizizi iliyopondwa iingie, halafu nyungu ijifanyie kazi siku mbili.

Mimi siwezi kuja. Mahindi yako shambani na mbuzi wa watu hawana adabu. Anywe polepole.

Yaya wako

Lubumbashi, 3 Februari 2024

Yaya,

Bado mnapumua huko? Nakuandikia kwa furaha na kwa hasira, chagua utakayoanza nayo.

Furaha: mama amekunywa! Alichukua funda moja, akalishikilia mdomoni, akakitazama kikombe, kisha akacheka. Tangu kabla ya Noeli sijamsikia akicheka. Akasema, "Hii iko yangu," akamaliza kikombe.

Hasira: akauliza, "Kapenda iko wapi?" Nikamwambia habari ya mahindi. Akageukia ukuta. Sasa kila asubuhi ananiuliza kama umefika. Yaya, tangu lini mahindi yakamshinda mama? Acha mbuzi wale, wewe njoo.

Mdogo wako,
Abigaïl

Kamina, 19 Februari 2024

Abigaïl mdogo wangu,

Nakusalimu, ingawa salamu zangu leo hazina uso. Una hakika alisema ni yake? Umenichoma moyo bila kujua.

Ule munkoyo si wa mama. Niliununua kwa jirani yetu Tshiala, yule mke wa mwanajeshi wa base, kambi ya jeshi.

Mlipomchukua mama, nilisema nisafishe nyumba, akirudi aikute inang'aa. Niliondoa utando, nikafua mapazia, nikafika kwenye nyungu ya munkoyo. Ndani ilikuwa na ule ukoko mweusi. Nikachukua sabuni, maji ya javel ya kung'arishia nguo na waya wa kusugulia, nikaisugua mpaka udongo ukawa mwekundu kama siku ilipotoka kwa mfinyanzi. Hata nikajisifu! Na maisha yetu yote mama alitufundisha: nyungu hii huoshwa kwa maji matupu, na mashapo kidogo yabaki chini, maana uchachu unalala kwenye ukoko. Nilijua. Mikono ndiyo ilisahau.

Nimepika mara tatu. Wa kwanza ulikaa kimya kama maji ya kuoshea vyombo. Wa pili ulivuta utelezi. Wa tatu hata nguruwe wa jirani Jessé waliukataa. Kambo, bibi yetu, alimwachia mama ile nyungu ikiwa hai, na mimi nimeiua kwa usafi. Kisha nikampelekea mama kinywaji cha mtu mwingine, naye mgonjwa amekisifu. Ugonjwa umemla hata ulimi. Nitasimamaje mbele yake?

Nimekuta mwiko wake wa zamani darini, nimeuloweka kwenye uji. Mti wake ukiwa bado umeficha uchachu wowote, nitakuja na munkoyo wa kweli. Nipe wiki mbili. Usimwambie, nakuomba.

Yaya wako

Lubumbashi, 17 Machi 2024

Yaya wangu,

Pole. Pole yako na yangu. Najua Tshiala alikufikishia habari, na kwamba ulifika Luena njiani ukakuta mvua imekata barabara. Tulimzika Jumamosi, tarehe tisa. Tulimvisha kitenge chake cha kijani. Nilikuwekea nafasi pembeni yangu mpaka udongo ukaisha.

Nisamehe, barua yako nilimsomea. Nilidhani atalia. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema: "Ulimi yangu ingali muzima. Tshiala alifikaka Kamina hana kitu, mutoto mu mugongo. Miye njo nilimupatiaka mashapo ya mu nyungu yangu aanze nayo. Munkoyo yake iko yangu. Kapenda hakuua kitu."

Nikamwuliza kama nikuandikie ulete mwingine. Akatikisa kichwa. "Miye sikukuwa na kiu, Abigaïl. Nilitaka mutoto wangu. Nilisema nikiomba munkoyo, atakuya nayo."

Nilikuandikia saa ileile, nikamkimbilia Lumbala stesheni. Treni haikutembea. Siku ya nane akanirudishia barua, na ndipo akanipa namba ya simu ya Tshiala. Mama alikuwa ameshatuacha asubuhi hiyo. Barua yenyewe nimeiweka humu ndani, ina mstari mmoja: *Yaya, anajua yote, njoo mikono mitupu.*

Mdogo wako,
Abigaïl

Kamina, 30 Machi 2024

Abigaïl wangu,

Salamu. Goti linauma, na si mvua.

Mstari wako nimeusoma mpaka karatasi imelainika. Wiki tatu nzima nililea mwiko kwenye ndoo, na mama ananingoja mlangoni. Nina hasira na mimi mwenyewe, sijui niiweke wapi.

Jana nilikwenda kwa Tshiala na kikombe. Nilipomwambia ninachotaka alianza kulia kabla yangu. Akainamisha nyungu yake, akanimiminia mashapo hadi juu, akasema, "Yaya, nilikuwa na deni la kikombe hiki tangu mutoto yangu alikuwa wa mugongo." Nimeyatia kwenye nyungu ya mama. Leo asubuhi nimeweka sikio, inanong'ona.

Siku ya arobaini nitakuwa huko. Bidoni nitaipakata mwenyewe njia nzima, Lumbala asiiguse. Nitammiminia mama pale alipolala. Najua hana kiu. Nakuja.

Yaya wako