Kwato za Ng'ombe Wangu

Jumanne, Machi 2000

Huyu jirani yangu Mutua simwamini. Nywele za mkia wa ng'ombe wangu zinaanguka, kwato zimepasuka, na majani nanunua kwake. Mimi niliyemfukuza chui kwa mwiko, niwekewe sumu hivi hivi?

Leo daktari wa mifugo ameshika kwato, akasema, "Hapa seleniamu imezidi, yale madini ya kwa chumvi ya ng'ombe. Unampa kiasi gani, mzee?"

"Kijiko kimoja, vile mkebe unasema."

"Basi tupime majani."

Nilifurahi. Wacha Mutua aulizwe.

Lakini si kijiko. Ni kikombe kizima, asubuhi na jioni, ndio ashinde ng'ombe wa Mutua kwa maziwa.

Jioni ng'ombe wangu amekataa kusimama, na ako na mimba. Kesho nitamwambia daktari ukweli, hata Mutua akiwa hapo. Sijui nitaanzaje.